Ugwe wa Mkono wa Kulia

Niliuona mkuki kabla ya kuuona mto.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto Strimoni asubuhi ile, mzito kama sufu ambayo haijachambuliwa, nami nilikuwa nateremka kwa kufuata sauti ya maji tu, mtungi kichwani, kijiti cha kusokotea kitani mkononi. Kisha kitu chembamba kikanitokea mbele, kimesimama peke yake kwenye mchanga wa kivuko. Ulikuwa mkuki wa kurusha, ncha yake ardhini. Nikasimama.

Kwetu hakuna asiyejua maana ya mkuki uliochomekwa kivukoni. Wanaume wamerudi vitani. Wako msituni juu, wanasubiri. Kiongozi wao ameteremka kimyakimya na kuuchomeka mkuki wake mahali ambapo wanawake huteka maji, kisha amerudi juu kwa wenzake. Anayeuona anauchukua na kuupeleka kijijini, na kijiji kinawasha moto wa majani mabichi ya mreteni. Moshi wake una harufu kali, unafika msituni hata siku ya ukungu. Wakiunusa, wanateremka hadi langoni, na langoni mke au mama anammwagia kila mmoja maji mikononi.

Kabla ya maji hayo hawasemi neno. Aliyetoka kuua hatembei peke yake. Wale aliowaua wanamfuata nyuma, wametega masikio. Akifungua mdomo kabla ya kunawa, wataijua sauti yake, na wakiijua sauti wataijua nyumba, na wataingia naye. Hata jirani yetu Sauza, ambaye hucheka mpaka matangani, jambo hili halicheki.

Nilitua mtungi, nikausogelea mkuki. Ugwe wa ngozi uliofungwa katikati ya mti wake ulikuwa wa rangi ya kahawia niliyoichemsha mwenyewe kwa magome, na kitanzi cha kuingizia kidole kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu nilioutoa kwenye kitambaa changu cha harusi. Hakuna mwingine bondeni mwenye uzi ule. Dizas! Mume wangu aliondoka majira ya kuchipua majani, pamoja na wanaume wote wenye miguu mizuri, kumfuata mfalme wa Makedonia kaskazini. Sasa majani yalikuwa yanaanguka.

Nikaushika ule ugwe kama mtu anavyoshika mkono. Na vidole vyangu vikagundua kitu kabla ya kichwa changu kugundua.

Ulikuwa umezungushwa kulia.

Mrusha mikuki wetu huuzungusha ugwe kwenye mti wa mkuki, anatia kidole kitanzini, na anaporusha ugwe unafunguka na kuupa mkuki mzunguko, kama pia ya watoto. Ndiyo maana mikuki yetu hufika mbali kuliko ya watu wengine, na ndiyo maana wafalme wanatutaka. Lakini ugwe huzungushwa kufuata mkono wa mwenyewe. Na Dizas ni wa mashoto. Kijiji kizima hakina mwingine. Nilipoolewa, mama yake alinifundisha kumfungia ugwe kinyume na nilivyozoea, na nilikosea mara nyingi nikalia, naye Dizas akawa ananicheka huku akifungua na kunirudishia. Ugwe ule niliufunga kushoto. Mtu mwingine alikuwa ameufungua akaufunga upya, kwa ajili ya mkono mwingine. Tena alikuwa ameufunga vibaya, na ngozi ilikuwa imetafunwatafunwa mwishoni, kana kwamba mtoto wa mbwa aliichezea.

Nikatazama msitu. Hakukuwa na msitu, kulikuwa na ukungu tu. Lakini nilijua kwamba mle ndani kuna macho, na yananiona.

Nikajaza mtungi maji polepole, kama mtu mwenye furaha. Nikaung'oa mkuki. Nikapanda njia ya kijijini bila kukimbia, na kila hatua mgongo wangu ulikuwa unangoja kuchomwa.

*

Sauza alikuwa langoni, anakamua mbuzi. Aliuona mkuki, akaruka mpaka maziwa yakamwagika.

"Wamerudi! Jamani, wamerudi! Bi harusi, huo ni wa nani? Ni wa Dizas? Eeh, leo utalala huko nyuma ya ghala, hatutakuona siku tatu!"

Wanawake wakatoka kwa vigelegele vya chini, maana hata furaha hiyo hatuipigii kelele kabla ya maji. Mmoja akakimbilia mreteni. Mwingine akaanza kuosha pembe za kunywea pombe ya shayiri. Mimi nilisimama katikati yao na mkuki wangu, na maneno hayakutoka. Tangu utotoni niko hivyo. Mbele ya watu wawili naongea, mbele ya watu kumi ulimi unageuka jiwe.

Mama mkwe wangu, Brinka, akaja anajifuta unga mikononi. Ni mwanamke mrefu, mkavu, na ujanani mwake alikuwa anarusha mkuki kuwapita kaka zake. Akanitazama usoni, si mkuki.

"Una nini?"

"Mama," nikasema, "naomba tusiwashe moto kwanza."

"Kwa nini?"

Nikamwonyesha ugwe. Akaushika, akapitisha kidole chake kuufuata mzunguko, mara moja, mara ya pili. Nikaona uso wake unapauka.

"Acheni huo mreteni!" akasema.

"Mama Dizas, una wazimu?" Sauza akasema. "Wana baridi huko juu. Mume wangu ana kifua kibaya."

"Huu umefungwa kulia."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila mmoja alikuwa amewahi kumtania Dizas kwa mkono wake ule wa kushoto, na kila mmoja alikumbuka kijiji cha chini, pale mto unapopinda. Mwaka uliopita adui zetu Waautariata walimuua mrusha mkuki mmoja njiani, wakachukua mkuki wake, wakauchomeka kivukoni. Kijiji kiliwasha moshi. Wanaume wakateremka kimya, wamejifunika kofia za ngozi ya mbweha kama zetu, na wanawake wakatoka na mitungi ya maji kuwapokea. Waliopona walikuwa wasichana wawili waliokuwa kwenye zizi la juu.

"Labda alimwazima mtu," mwanamke mmoja akasema kwa sauti ndogo.

"Mkuki wa kivukoni hauazimwi," akajibu mama mkwe.

"Labda..."

"Labda nini? Semeni!" Alikuwa ameukumbatia mkuki kifuani. "Kama aliyeufunga si mwanangu, basi mwanangu yuko wapi? Mnadhani sitaki kuwasha moto? Mimi ndiye ninayetaka kuliko nyote."

Nilitamani kumshika. Sikuthubutu. Nilikuwa nimewaletea jambo lile, na kulifunga lango ilikuwa sawa na kusema kwa sauti kwamba Dizas amekufa. Kama ningenyamaza kivukoni, ningekuwa na mume mpaka moshi uinuke.

Tukafunga lango. Tukaweka magogo. Watoto na wazee tukawapeleka kwenye pango la kuhifadhia jibini nyuma ya nyumba, na Sauza akawaambia kwamba anayekohoa atapewa chura ale. Tuliobaki tukachukua mikuki ya zamani, iliyoachwa kwa sababu mti wake umepinda au ncha imelika, tukapanda kwenye jukwaa nyuma ya ua wa magogo.

Tukasubiri. Ukungu haukupanda. Ile sahani ya jua tunayoiweka juu ya mlingoti langoni, ambayo huwaka hata siku ya mawingu, haikuonekana kabisa. Ilikuwa kana kwamba jua lenyewe limefunikwa macho lisituone.

"Hawataona moshi, wataondoka," mtu akanong'ona.

"Au watajua kwamba tumejua," Sauza akasema. "Shoga, ukiniona nakimbia, nikamate nguo."

"Na mimi nikikimbia?"

"Basi tutakimbia wote, angalau tutakuwa na mazungumzo."

Nikataka kucheka, meno yakagongana badala yake. Mkuki wa Dizas ulikuwa mkononi mwangu. Mama mkwe alikuwa amenirudishia bila neno, na mimi nilikuwa naupapasa ule ugwe, naupapasa tu, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi.

*

Walikuja bila moshi.

Kwanza tulisikia jiwe likiviringika kwenye njia. Halafu kimya. Halafu hatua za mtu mmoja, nyepesi, na nyuma yake hatua nyingine, nzito, za kuburuta. Kwetu hakuna anayetembea hatua nzito namna ile. Sisi tumefundishwa kushuka mteremko wa mawe kabla ya kufundishwa kuongea.

Ukungu ukafanya kivuli. Mtu mrefu, amejifunika joho lote, kofia ya mbweha imeshuka mpaka machoni. Na nyuma yake, mbali kidogo, kikatokea kitu kingine. Kilikuwa kinene, kinayumba. Kilikuwa na vichwa viwili.

Mwanamke aliye kando yangu alijikunyata chini na kufunika uso. Nami nilidhani kile alichodhani yeye. Nilidhani hao ni wale waliouawa, wanaomfuata muuaji, na leo wamekuja wakiwa na miili.

Yule wa mbele akasimama mbali kidogo na lango, mahali ambapo mkuki unafika. Hakusema neno. Alilitazama lango lililofungwa. Kisha akainua uso kututazama sisi, na tulichoona ni ndevu na kivuli.

"Nani?" mama mkwe akaita. Sauti yake ilikuwa kali, lakini mimi niliyekuwa karibu niliisikia ikipasuka ndani.

Kimya. Angekuwa mtu wetu asingejibu. Angekuwa adui anayejua desturi zetu, asingejibu pia.

"Kama wewe ni Mwagriani mwenzetu, huna haja ya mdomo!" akaita tena. "Hiyo hapo nguzo ya lango. Wana wetu waliipiga wakiwa na meno ya utoto. Rusha!"

Nilimwona akiinamisha kichwa. Kisha akauchukua mkuki kutoka kwenye fungu la mgongoni, na akaushika kwa mkono wa kulia.

Mkono wa kulia. Nikafumba macho, nikayafumbua.

Aliuinua. Alirudi nyuma hatua, akakimbia hatua mbili, akarusha. Mkuki ulitoka unayumba, ukapinda hewani, ukaanguka kwa ubavu kwenye matope, mbali sana na nguzo. Hata msichana wa kuchunga kondoo angeona aibu.

"Huyo!" Sauza alipiga kelele, na kelele yake ilikuwa nusu kicheko na nusu kilio. "Mwagriani gani huyo, anarusha kama anatupa kuku juu ya ua! Rudi kwenu, mwana wa mbwa! Rudi ukamwambie mama yako akufundishe!"

"Wamemuua mwanangu," mama mkwe akasema polepole, si kwa mtu yeyote. Akainua mkuki wake.

Sijawahi kumwona mama mkwe akikosa. Huwapiga sungura wakikimbia. Alirusha, na mkuki ukaimba, ukaenda, ukajichimbia ardhini kando ya mguu wa yule mtu. Upana wa kiganja tu ulibaki. Joho lake lilitikiswa na upepo wake.

Hakukimbia.

Hakuinama wala hakuinua ngao. Alisimama kama mtu anayesema, haya, kama ni hivyo, na iwe hivyo. Nyuma yake lile jitu la vichwa viwili lilipiga magoti taratibu.

Adui asingesimama. Adui angerudi kwenye ukungu, au angetujia mbio. Ni nani anayesimama akitupiwa mkuki na mwanamke mzee, asiseme chochote? Kidole gumba changu kilikuwa bado kinapapasa ugwe, pale mwishoni palipotafunwa. Na nikahisi alama za meno. Hayakuwa ya mbwa, bali ya mtu, safu ya juu na safu ya chini, yamebana ngozi sehemu moja mara nyingi, kwa nguvu.

Ni nani anayefunga ugwe kwa meno?

Yule ambaye hana mkono wa pili wa kuukazia.

"Mama, usirushe tena," nikasema. Yeye alikuwa ameshainua mkuki mwingine. Nikaushika mkono wake. Mke wa mwana kumshika mkono mama mkwe mbele ya watu, kwetu ni jambo ambalo halifanywi, na yeye alinitazama kama nimempiga kofi.

"Niachie."

"Alifunga kwa meno, mama. Tazama. Alifunga kwa meno."

"Hata kama! Adui hana meno?"

Huenda kuna Mwautariata mwenye mkono mmoja. Huenda joho lile linaficha panga, na wengine ishirini wamelala nyuma ya ukungu wakisubiri mlango ufunguliwe upana wa mtu. Nilijua hayo yote.

"Nitatoka peke yangu," nikasema. "Fungeni nyuma yangu. Nikianguka, msifungue."

"Zaika," Sauza akasema. Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. "Zaika, usiwe mjinga."

Nilichukua mtungi, maji yaleyale ya asubuhi. Wakanitolea gogo moja kwenye kilango cha mbuzi, nikapita nimeinama, na nikasikia gogo likirudi mahali pake. Sauti ile sitaisahau. Kati yangu na yule mtu palikuwa na matope, mkuki ulioanguka kwa ubavu, na ukungu. Nilitembea. Maji yalikuwa yanamwagika mguuni kwangu. Kadiri nilivyokaribia, ndivyo nilivyozidi kutomtambua. Ndevu zilikuwa na mvi. Mume wangu hakuwa na mvi. Macho yalikuwa ndani sana. Nilitaka aseme kitu, neno moja tu, jina langu, na wakati huohuo niliogopa kwamba angelisema, na wale wa nyuma yake wangelisikia.

Nikasimama mbele yake. Nikainua mtungi.

Akatoa mkono wa kulia kwenye joho. Nikaumwagia maji. Matope na kitu cheusi vikatiririka.

Nikangoja, mtungi umeinama. Desturi ni mikono miwili.

Kisha akaufungua ule upande mwingine wa joho, taratibu, kama mtoto anayelazimishwa kuonyesha alichoiba. Kiganja hakikuwepo. Kulikuwa na kitambaa kilichofungwa juu kidogo ya kifundo, kichafu, kigumu kwa damu ya zamani. Nikakimwagia maji polepole mpaka mtungi ukakaribia kuisha. Machozi yangu yaliingia humo pia, sidhani kama yanaharibu kitu.

"Uliona moshi haupo," nikasema.

"Mantas asingefika mchana akiwa hai," akajibu. Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa imechubuka, lakini ilikuwa yake. "Ana homa. Tumembeba kwa zamu."

Jitu la vichwa viwili lilikuwa ni kijana mmoja wa nyumba ya juu, amembeba mgongoni Mantas, mume wa Sauza. Nilipogeuka, lango lilikuwa limekwisha funguliwa na Sauza alikuwa anakuja mbio na bakuli la maziwa, maana hakupata maji, akipiga kelele kwamba mwenye kumcheka atamkata masikio. Alimnawisha mumewe kwa maziwa ya mbuzi, na hakuna aliyesema kwamba si halali.

Mama mkwe alikuja wa mwisho. Alisimama mbele ya mwanawe, akautazama mkono usiokuwepo.

"Mama," Dizas akasema, "umezeeka. Zamani ulikuwa hukosi."

"Sikukosa," akasema mama yake. "Nilirusha nilipotaka." Kisha akaniegemea, ikabidi nimshike tena.

Tulingoja langoni mpaka ukungu ukapanda na sahani ya jua ikawaka juu ya mlingoti. Njia ilionekana yote, mpaka msituni. Haikuwa na mtu mwingine. Wanawake waliokuwa na mitungi iliyojaa walibaki wameishika.

*

Sasa theluji imekaa kilimani. Kila asubuhi Dizas huenda nyuma ya ghala na kurusha kwa mkono wa kulia. Mwanzo Sauza alikuwa anaita kuku wake waje kujifunza. Siku hizi haiti, kwa sababu mkuki unafika, na juzi uligusa nguzo. Majira ya kuchipua watu wa mfalme watakuja kuchagua warushaji, kama wanavyokuja kila mwaka, nao hawaulizi mtu ana mikono mingapi. Wanatazama mkuki unaangukia wapi.

Siku ile nilipomwona hana mkono, baada ya machozi, niliwaza jambo moja: hawatamchukua tena. Nilifurahi. Furaha ile iliniogopesha kuliko ukungu, na sijamwambia mtu.

Jana jioni aliniletea mkuki wake, akaulaza mapajani mwangu.

"Meno yangu yamechoka," akasema. "Nifungie wewe. Kulia."

Niliushika ugwe muda mrefu. Nikiufunga vizuri, ataenda. Nikiulegeza, utafunguka siku moja mahali ambapo mimi sipo, mbele ya mtu asiyerusha ili kukosa. Yeye alikuwa ananitazama, na nadhani alijua, maana hakunitania.

Nikaulowesha maji. Nikauzungusha kulia, nikashona kitanzi kwa uzi mwekundu uliobaki, nikaukaza mpaka vidole vikauma.